Kisukari cha mimba: mama mkwe kaniletea dawa ya miti shamba, nifanyeje?

DadaWaMikindani
Habarini wadau, wakubwa shikamooni. Nina mimba ya wiki 27, ya pili. Kliniki walininywesha glukosi gramu 75 nikiwa sijatia kitu mdomoni tangu usiku. Kabla ya kunywa, sukari ya damu ilisoma 5.4 (mmol/L), baada ya saa mbili 8.9. Nikaambiwa ni kisukari cha mimba, nipunguze wanga, nitembee, nirudi baada ya wiki mbili. Ikigoma kushuka naanzishiwa dawa.

Habari ikafika Newala kabla sijafika nyumbani. Mama mkwe katuma kifurushi kwa basi: unga wa majani ya mlonge, uwatu, na chupa ya plastiki imejaa dawa nyeusi, mfuniko umezungushiwa nailoni. Nilipofungua ikatoa povu na harufu ya togwa lililolala. Ni mizizi na magome, ya miti gani mganga hataki kusema. Vijiko viwili asubuhi na jioni. Anasema, "Sindano ya sukari ukishaanza, mwanangu, huiachi." Mume wangu anasema mitishamba haina kemikali. Na mimi nimesoma mtandaoni kuwa panya wenye mimba walipewa dawa iliyokamuliwa kwenye majani, sukari ikashuka, ndiyo maana sijaimwaga. Kuna aliyetumia akiwa mjamzito? Mama huyu ananipenda, sitaki kumkosea adabu.

KoroshoGhafi
Dada, mzee wangu ana sukari, anakunywa maji ya mwarobaini na karela, na shamba analima hadi leo hapa Tandahimba. Hospitali nao wanapenda biashara. Anza kidogo kidogo huku unapima.

BibiMkunga_Masasi
Marahaba mwanangu. Wewe KoroshoGhafi, mzee wako ana mimba? Mwarobaini huo huo nimepokea wanawake waliokunywa makusudi ili mimba itoke, na kwa wanyama wa maabara umeonekana kuharibu mimba kweli. Karela iliyokamuliwa nayo imetoa mimba za panya. Vipande viwili kwenye mchuzi ni chakula, glasi ya juisi kila asubuhi ni dawa.

Sasa hili la sindano. Kisukari hiki kinaletwa na kondo la nyuma. Homoni zake zinaifanya insulini yako, ile inayoshusha sukari mwilini, isifanye kazi sawasawa, na kadiri kondo linavyokua ndivyo zinavyozidi. Ndiyo sababu tunapima kati ya wiki 24 na 28. Kondo likishatoka, kwa wengi sukari inarudi mahali pake, na aliyekuwa anachomwa insulini kwa ajili hiyo kwa kawaida anaachishwa. Mama mkwe amewaona wenye kisukari cha kudumu, ndiyo maana anaogopa. Mweleze hivyo, ataelewa.

Na msiichukulie sukari hii kuwa ndogo. Yako inapita kwa mtoto, insulini yako haipiti, basi mtoto anatengeneza ya kwake na kunenepa mabega. Kuna mmoja nilimzalisha, kilo 4.7, mabega yalitutoa jasho, huku nje ndugu wanapiga vigelegele kwa mtoto bonge. Haikupita saa, vidole vinatetemeka, titi hataki. Tukamchoma kisigino, sukari iko chini kabisa: ya mama imekatika na kitovu, insulini yake bado imejaa mwilini. Tulimkamulia maziwa, tukamtundikia dripu, akapona.

Majani ya mlonge pika mboga, kula na dagaa wako. Mizizi na magome yake usiguse ukiwa na mimba, yanaweza kuuchokoza mji wa mimba. Uwatu ukiwa kiungo cha mchuzi sina neno, lakini unga wa vijiko vijiko usubiri ujifungue. Hiyo chupa usinywe hata tone. Ukizidiwa saa nane za usiku, zamu wataanzia wapi wakati hakuna anayejua kilichomo?

FamasiLindi
Nauza dawa, kwa hiyo mtaniambia natetea duka. Ila metformini, dawa ya kushusha sukari ambayo wajawazito wengine wanapewa, asili yake ni mmea wa Ulaya, *Galega officinalis*. Kemikali iliyokuwa inashusha sukari kwenye mmea ule ilikuwa na sumu. Wakemia wakatengeneza jamaa zake, metformini ikapatikana 1922, na ni mwaka 1957 ndipo daktari Jean Sterne wa Ufaransa alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo mti kushusha sukari hakunishangazi hata kidogo. Swali langu ni kiasi gani, na mtoto anapata nini.

Panya uliosoma habari zao, dada, mara nyingi huchomwa streptozotosini, inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kongosho lako wewe ni zima, limezidiwa kazi tu. Tena dawa ya panya inapimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito, wakati kijiko cha mganga leo kizito, kesho chepesi. Na muwe macho na vidonge vya "asili" vya sukari visivyo na usajili. Nchi kadhaa wamekuta glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, imechanganywa humo kimyakimya. Mtu anasifia mizizi, kumbe kameza kidonge cha kiwandani, na sukari inaweza kumshuka hadi azimie.

DadaWaMikindani
Asanteni sana. Chupa nimeifunga. Bibi, nile nini basi? Kwetu ni ugali wa muhogo, ming'oko, na mabibo ndiyo msimu wake.

BibiMkunga_Masasi
Ugali usiuache, upunguze uwe saizi ya ngumi yako, sahani ijae kisamvu, samaki au mbaazi. Ming'oko ni wanga, ukila hiyo usile na ugali. Bibo moja sawa, juisi yake hapana. Chai bila sukari. Ukimaliza kula tembea, hata dakika 15.

Azima mashine ya kupimia kama huna. Asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa mbili baada ya kula chini ya 6.7. Andika kila kitu kwenye daftari. Zikikaa juu usingoje hizo wiki mbili, nenda, na chupa uibebe uwaonyeshe. Ukijifungua, rudia kipimo cha glukosi kati ya wiki 6 na 12, maana wengine sukari hubaki.

Mama mkwe mpigie leo. Mwambie mlonge umeupokea na unaula, na aje na kisamvu kibichi cha huko Newala.

KoroshoGhafi
Bibi umenishika pabaya 😅 Lakini hilo la glibenklamidi limenishtua. Mzee ana vidonge vya kopo jeupe alinunua stendi, havina hata lebo. FamasiLindi, nikikutumia picha inbox utaweza kusema ni nini?

FamasiLindi
Kwa picha siwezi, mkuu. Mpime sukari asubuhi kabla hajala na kabla hajavimeza, kisha mpeleke kituo cha afya na kopo lenyewe.