Sakata la Fei Toto: hivi hela ya kuvunja mkataba ikilipwa kwanini mtu hatoki?

Mwananchi wa Buza
Wakuu habari za mchana. Mwenzenu nimechoka kabisa na hili sakata, naomba anayejua sheria anieleweshe maana kila nikiwasha redio asubuhi kuna wakili mpya. Ninavyofahamu mimi, desemba 2022 dogo Feisal Salum "Fei Toto", kiungo wetu wa Yanga, alirudisha milioni 112, yaani 100 za kuvunja mkataba na 12 za mishahara ya miezi mitatu, akaaga. Klabu ikagoma. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikasema bado mchezaji halali wa Yanga hadi 2024, akaomba marejeo nako ngoma ngumu, sasa hivi ni Mei 2023 hachezi kwetu wala kwingine, miguu ile inakaa tu.

Swali langu, kama bei ya kutokea imeandikwa kwenye mkataba na mtu kaitoa, mlango haufunguki kwanini? Na kama haikuwa bei ya kutokea, iliandikwa ya nini?

Jumatano nilikuwa Kwa Mkapa tunacheza na Marumo Gallants ya Afrika Kusini. Saa nzima ngoma 0-0, jamaa nyuma yangu kila pasi ikipotea anapiga kelele "Fei angekuwepo, Fei angekuwepo", mwingine akageuka akamwambia mtaje tena huyo msaliti uone, wakataka kuzichapa kavukavu na ni nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika jamani! Bahati Aziz Ki akafunga, wakajikuta wamekumbatiana.

Wakili wa Kijiweni
Mkuu, kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna kifungu cha kununua mkataba, hicho ukilipa unatoka bila kumuomba mtu. Halafu kuna kifungu cha fidia, yaani atakayevunja bila sababu ya msingi atalipa kiasi fulani. Hicho cha pili hakikupi ruhusa ya kuvunja, kinasema tu ukivunja utaumia kiasi gani. Ugomvi wote uko hapo, klabu inasema hakufuata utaratibu, upande wa dogo wanasema kalipa kamaliza.

Kanuni za FIFA kifungu cha 17 ziko wazi. Ukivunja bila sababu ya msingi unalipa fidia, na ukivunja ndani ya kile kipindi cha ulinzi, ambacho ni miaka mitatu au misimu mitatu kwa aliyesaini kabla ya kufikisha 28, unafungiwa miezi minne juu. Ingekuwa hajalipwa mishahara miwili angewapa notisi ya siku 15 na kusepa zake kihalali. Sasa kusema tu sitaki tena, hiyo haimo. Japo na mimi najiuliza, mchezaji asiyetaka unamng'ang'ania wa nini? Kisheria mnashinda, uwanjani hamna kitu.

Mnyama wa Msimbazi
Utopolo, yaani nyie Yanga, bana 😂😂 mnashindana na mtoto wenu wenyewe. Wakati mnapishana na mawakili sisi Simba aprili 16 tuliwapa mbili, hamkusema tatizo ni kifungu cha 17.

Mwananchi wa Buza
Kolo tulia, Wydad ya Morocco kawatoa robo fainali Ligi ya Mabingwa juzi tu hapa na bado mna nguvu ya kuandika. Huu uzi wa watu wenye nusu fainali.

Babu Jangwani
Vijana mnasahau haraka sana. Morrison huyu huyu aliyefunga la pili jumatano dakika za jioni, si ndo 2020 alienda Simba tukasema ana mkataba na sisi, tukamshitaki TFF, tukapanda hadi CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, na tukadondoka? Leo yuko wapi? Yuko kwetu, anafunga, tunamshangilia. Na wakati ule humu aliitwa majina ambayo siwezi kuyarudia nina wajukuu. Kwahiyo nyie mnaomtukana Fei na mama yake mzazi punguzeni speed, mpira wa bongo mtu anarudi.

Kinachoniuma mie ni chama cha wachezaji. Hao SPUTANZA wako wapi? Dogo anazunguka na mawakili wa kwake kama kesi ya shamba. Wachezaji wangapi wanasaini mkataba bila kuusoma, wanaonyeshwa tu ile namba ya pesa? Kesho atakuwa mwingine wa Mbeya City au Kagera na huyo hata redio haitamtaja.

Dada Jezi Kkoo
Mimi nauza jezi na kuprinti majina. Nina FEI TOTO zimeshabandikwa tangu novemba, mteja anaishika anaangalia mgongoni anairudisha "una ya Mayele?". Jina ukilibandua linaacha alama, siwezi kuiuza kwa bei ya jezi plain. Hiyo fidia kamati gani itanilipa 😅

Wakili wa Kijiweni
Dada peleka shauri CAS Uswisi.

Mwananchi wa Buza
Hahaha. Ila Wakili nimekuelewa, kama ni kifungu cha fidia basi klabu ina haki yake, sipingi. Bado nasema wangekaa chini desemba ile ile wakataja bei ya kueleweka, kila mtu anajua Azam wanamtaka, pale kwao Chamazi hela ipo. Tungemuuza kwa heshima tukanunua kiungo dirisha dogo la usajili. Babu, hivi marudiano kule Sauzi jumatano ni saa ngapi kwa saa zetu?