Je, nimsomee mama alichoandika daktari?

Mlezi wa Mama: Namuuguza mama hapa Marekani. Ana saratani ya ini, na sasa anahudumiwa na timu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Maelezo ya daktari huwekwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni jioni ile ile ya kliniki, nami ndiye ninayeyafungua kwa nywila yake kwa sababu yeye hasomi Kiingereza. Juzi nilikuta imeandikwa kwamba muda uliosalia unakadiriwa kuwa wiki kadhaa hadi miezi michache, jambo ambalo halikutamkwa tulipokuwa kliniki. Mama ameniuliza, "Wameandika nini?" Je, nimsomee au nimsubiri daktari? Na je, hospitali haikupaswa kuyazuia maelezo ya namna hii?

Muuguzi wa Tiba Shufaa: Pole sana, dada. Kanuni iliyoanza kutumika huko tarehe 5 Aprili 2021, kwa msingi wa sheria ya 2016, inazitaka hospitali zimpe mgonjwa maelezo yake bila kuyachelewesha, na hofu kwamba atahuzunika haitoshi kuwa sababu ya kuyazuia. Sharti pawe na jambo zito zaidi, kama vile hatari kwa uhai wake. Maelezo ni ya mama na ameyaulizia, kwa hiyo usimwambie kwamba hakuna kitu. Muulize kwanza angependa kujua kiasi gani na kutoka kwa nani, kisha uipigie timu simu, useme wazi ulichokisoma, na uombe kikao chenye mkalimani. Omba pia akaunti ya mlezi kwa jina lako, mama akiridhia. Wagonjwa hutueleza mambo wasiyotaka watoto wao wayajue, nasi tunapoandika hatujui ni nani anayetumia nywila.

Daktari wa Wodi: Nakubaliana na Muuguzi, ila lawama naiweka kwetu madaktari: makadirio ya muda hayapaswi kuandikwa kabla hayajazungumzwa. Jaribio lililoanza 2010 Boston, Pennsylvania na Seattle lilionyesha kwamba wengi waliosoma maelezo ya madaktari wao walinufaika na wachache tu waliingiwa na wasiwasi, lakini hao walikuwa wagonjwa wa kliniki za kawaida, na sioni kuwa ni haki kumpimia kwa matokeo hayo mtu anayesoma habari za kifo chake. Mwulize daktari wake ni dalili zipi zilizomfikisha kwenye makadirio hayo, maana hubadilika kadiri mgonjwa anavyokula, anavyotembea na anavyolala.

Mwana wa Marehemu: Sisi maelezo hayo yalitufaa mno. Baba alipokuwa akinywa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, ndugu zangu waliogopa kumwongezea usiku hata alipolalama kwa maumivu, mpaka tulipofungua maelezo tukakuta daktari ameandika kiwango cha dozi ya ziada na saa zinazopaswa kupita kabla ya kuirudia. Tuliyanakili kwenye karatasi tukaibandika kwenye mlango wa friji. Kwa hiyo, dada, hata mama akisema hataki kusikia habari za muda, mwombe ruhusa ya kuendelea kusoma sehemu ya dawa.