Gunia zima la mchele limeingia fukusi, mume anasema tuache kabisa habari ya kujaza stoo. Nyie mnafanyaje?

Kijiko_cha_Mbao

Wakuu habari zenu, naomba ushauri na naomba msinicheke sana.

Miezi mitatu iliyopita nilichoka na hii tabia ya kununua kilo moja leo kilo moja keshokutwa, nikasema ngoja nikusanye hela ninunue kwa jumla nijaze stoo, kwanza naokoa, pili ikitokea dharura, kazi imesimama au mtu kaugua au barabara imefungwa, watoto hawalali njaa. Nikajibana kweli kweli. Nikanunua gunia la mchele, maharage, dumu kubwa la mafuta, unga, na makopo makopo. Yan kuna siku nilikuwa naingia stoo kuangalia tu, sichukui kitu, naangalia narudi 😂

Juzi nimetumbukiza kikombe kwenye gunia naona mchele unatembea. Nikadhani macho. Nikamwaga kidogo kwenye sinia nikatoa nje juani, fukusi wakaanza kukimbia kila upande wananipanda mpaka mikononi. Kufika chini ya gunia ndo nikaishiwa nguvu kabisa, ule upande uliokuwa umelalia sakafu mchele umeshikana madonge na unanuka uvundo. Mume wangu akaja akasimama mlangoni, akaangalia sinia, akaniangalia mimi, akasema neno moja tu "akiba", akaondoka.

Sasa nauliza, nimekosea wapi? Huu mchele nautupa wote au kuna wa kuokoa? Na hii habari ya kuweka chakula cha muda mrefu ndani inawezekana kweli kwa mtu wa kawaida au ni ya wenye nyumba kubwa?

stoo_ya_shangazi

Pole mwanangu, hakuna wa kukucheka hapa, wote tumepita huko.

Kwanza huo mchele ugawe mara mbili kichwani mwako. Ule wenye madonge na uvundo TUPA, usiuoshe, usiuanike, usimpe hata kuku. Ukungu unaweza kuacha sumu, kuna ile inaitwa sumukuvu, na moto wa kupikia hauimalizi, kwahiyo usijidanganye kwamba ukichemka sana itatoka. Huu wa juu wenye fukusi tu lakini mkavu na hauna harufu, huo ni chakula. Upepete, uchekeche, ukiosha waliobaki wataelea juu unawamwaga. Fukusi anakera macho ila hana sumu.

Pili umekosea wapi. Watu wengi wanadhani fukusi ameingia kwa mlango wa stoo, kumbe mara nyingi umemnunua mwenyewe na hela yako. Jike anatoboa punje, anataga yai ndani, anaziba tundu, we unaona mchele msafi kabisa. Kwenye joto baada ya wiki kama tano hivi anatoka mkubwa anaanza kutaga na yeye, na jike mmoja anataga mamia. Sasa piga hesabu miezi mitatu gunia limekaa hujaligusa!! Ndo maana mimi nikileta nafaka nyumbani haiendi stoo siku hiyo hiyo. Naigawa kwenye mifuko ya kilo mbili mbili naipitisha kwenye friza siku nne, hapo mayai na viluwiluwi vyake vinakufa, alafu nikitoa SIFUNGUI mfuko mpaka upoe kabisa ulingane na joto la chumba, maana ukifungua ungali wa baridi unaingiza umande ndani na umande ndo ukungu wenyewe. Nikimaliza naweka kwenye ndoo zenye mfuniko wa kukaza.

Kama friza huna au mzigo ni mkubwa, tafuta ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka. Ile ilianzia kwenye utafiti wa kuhifadhi kunde huko Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani, na akili yake ni nyepesi tu, mdudu anapumua kama wewe, ukimfungia hewa isiingie anaimaliza iliyomo anakufa mwenyewe bila dawa. Ila ujaze mfuko, ukamue hewa, kila tabaka ulifunge peke yake, na usiwe unafungua fungua kila jioni kuchota, ukifanya hivyo unawapelekea wadudu hewa mpya.

Na sakafu, mwanangu, sakafu! Gunia haliwekwi chini wala haliegemei ukuta. Weka mbao au kichanja, uache upenyo mkono upite nyuma.

Nahesabu_Senti

Mi ntakuwa tofauti kidogo na mtanisamehe. Mleta mada mumeo hajakosea sana.

Kununua kwa wingi sio kuokoa, kuokoa ni kununua kwa bei ndogo kwa kila kilo kitu ambacho UNGEKILA hata hivyo na ukakila chote kabla hakijaharibika. Ukikosa kimoja hapo hujaokoa, umehamisha hela mfukoni ukaiweka stoo ikalala. Na nani kakwambia mfuko mkubwa lazima uwe nafuu? Gawanya bei kwa kilo palepale dukani, simu unayo, utashangaa kuna siku mfuko mkubwa ndo ghali na ule mdogo ndo una punguzo.

Alafu kuna kitu watu hawakisemi, ukiwa na chupa ndogo ya mafuta unapima kwa kijiko, ukiwa na dumu la lita 20 mkono unakuwa mwepesi unamimina tu. Nilifanya mwezi mzima naandika kwenye daftari, mafuta ya kwetu yalikuwa yanaisha haraka zaidi tangu tuanze kununua dumu. Nilivyoanza kulihamishia kwenye chupa ndogo ya jikoni na dumu kulifungia kabatini ndo yakatulia. Na bora ufiche dumu kwenye giza, mwanga na joto vinayaharibu mafuta, yanaanza kunuka.

Ujinga wangu mkubwa zaidi ni katoni ya samaki wa kopo, ilikuwa kwenye ofa nikaona nimepata. Hakuna mtu kwetu anakula samaki wa kopo. Hata mimi mwenyewe sili. Nilikuja kugawa.

Kijiko_cha_Mbao

@stoo_ya_shangazi asante sana shangazi, wa chini nimeshautupa, wa juu nimechekecha nimepata zaidi ya nusu gunia kumbe 🙏

@Nahesabu_Senti umenigusa pabaya, makopo ninayo na sijui nilinunua kwanini. Lakini hela kulala mbona kwenye dharura ndo inatakiwa ilale? Na kiasi gani kinatosha? Maana mi nilinunua kwa macho tu, sikupima chochote.

kipimo_kikombe

Swali la kiasi ndo lilitakiwa liwe la kwanza dada, kabla ya kutoa hela.

Njia nyepesi, chukua vipimo vya mashirika ya misaada, wao wanapangia kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kifurushi chao cha kawaida kinakuwa na nafaka kama gramu 400, kunde au maharage gramu 60, mafuta gramu 25, sukari kidogo na chumvi gramu 5. Sasa mko wanne, wiki mbili. Nafaka ni kilo 22 na kitu, maharage kilo tatu na nusu hivi, mafuta lita moja na nusu, chumvi robo kilo na kidogo. Ndo hivyo tu! Hiyo inaingia chini ya kitanda, wala hauhitaji stoo. Wewe ulinunua gunia zima la mchele kabla hujajua wiki mbili zenu ni kilo ngapi, na bado ukanunua mafuta mengi ya kutosha kuogea.

Kinachowatoa watu jasho sio chakula, ni maji. Piga lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika na kunawa kidogo. Wanne kwa siku tatu ni lita 48, madumu mawili na nusu ya lita 20, na hapo hujafua wala hujaoga. Watu wana makopo 60 na maji lita 5 😅 na nikwambie kitu kingine, maharage makavu bila maji na bila gesi ni changarawe. Tena maharage yaliyokaa sana kwenye joto yanakuwa magumu, unachemsha mpaka mtungi unalia na bado yanagonga meno. Kwahiyo kwenye akiba ya dharura lazima kuwe na vitu vinavyolika hivi hivi bila moto, karanga, biskuti, hayo makopo yako mnayopenda, na kifungua kopo cha mkono. Kifungua kopo! Nimeshuhudia mtu anapigana na kopo kwa nyundo na msumari.

Na kama kuna atakayesema hii ni hofu tu, Uswidi mwaka 2018 serikali ilituma kijitabu nyumba kwa nyumba kuambia watu wajiandae, wakarudia tena 2024, Ujerumani wanashauri raia wawe na chakula cha siku 10. Sasa kama wao wanaona umuhimu sisi ni nani.

Nahesabu_Senti

@kipimo_kikombe hapo kwenye wiki mbili nakubaliana na wewe. Mimi napinga miezi sita ya mtu asiyejua anakula nini.

@Kijiko_cha_Mbao hela ya dharura ilale ndio, ila isilale yote kwenye mchele. Mtoto akiugua usiku huwezi kulipia dawa kwa kilo tano za mchele.

mvua_ya_jioni

Samahani naingilia, nimeona mtu kanitumia pembeni akiuliza kuhusu vile vidonge vya kuulia wadudu kwenye magunia. NAOMBENI MSIWEKE VILE VIDONGE NDANI YA NYUMBA MNAYOLALA. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, inapenya chini ya mlango, inapita kwenye nyufa za ukuta, na imeshaua familia zikiwa usingizini chumba cha pili na gunia. Dawa ya kuiondoa mwilini hakuna. Vile ni vya maghala na watu waliofundishwa. Mchele ukiingia fukusi umepoteza mchele, basi.

Mzee_wa_Friza

Mi naongezea kidogo tu upande wa umeme maana wengi akiba yao iko kwenye friza. Umeme ukikatika USIFUNGUE. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa inashika baridi kama masaa 48, iliyojaa nusu 24, friji ya kawaida masaa 4 tu. Nyumbani kwangu nimejaza zile nafasi tupu kwa chupa za maji, zinaganda, friza inahesabika imejaa, na umeme ukichelewa sana nina maji ya kunywa. Adui ni watoto, wanafungua kila dakika tano kuangalia kama bado kuna baridi.

stoo_ya_shangazi

Mwanangu nilisahau unga na hayo makopo. Unga usiokobolewa, na mchele wa kahawia pia, usiweke wa muda mrefu, bado una mafuta ya kiini na maganda, miezi michache unaanza uchungu. Uliokobolewa unavumilia zaidi na mchele mweupe mkavu uliofungwa vizuri unakaa miaka. Makopo ya vitu vichachu kama nyanya na nanasi yale kwanza, ndani ya mwaka hadi mwaka na nusu, hayo mengine yana subira. Kopo likivimba usionje hata kwa ncha ya ulimi, tupa zima zima. Na sabuni ya unga iweke chumba kingine, unga unavuta harufu, utakula ugali unaonuka sabuni.

Ila kubwa kuliko yote ni kwamba stoo inatakiwa itembee. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kipya unakipanga nyuma, cha zamani unakivuta mbele, kila wiki unakula kutoka humo humo na unarudishia ulichokula. Wewe ulikuwa unaiangalia kama picha ukutani.

Kijiko_cha_Mbao

Hiyo ya picha ukutani nimeicheka mpaka nikakaa chini, kweli kabisa.

Mrejesho wakuu. Jana tumekaa na mume (kaja mwenyewe, sikumuita) tumepima chakula cha wiki kwa kikombe, kumbe mchele tunakula pungufu ya nilivyodhani na maharage zaidi. Nusu gunia iliyobaki iko kwenye ndoo tatu, inapitishwa kwenye friza ya jirani kwa zamu. Tumepanga tununue ya wiki mbili tu, na kila tukienda dukani tunaongeza kitu kimoja cha ziada mpaka tufike mwezi. Maji madumu matatu tayari. Kifungua kopo kimepatikana kwenye droo ya misumari, kina kutu. Mume kajipa kazi ya kuandika tarehe kwa kalamu nzito kwenye kila mfuniko, anajiona meneja.

Nahesabu_Senti

Mwambie meneja aandike kwenye ndoo yenyewe. Mifuniko inabadilishana siku ya kwanza tu mnapochota.

Kijiko_cha_Mbao

Umechelewa 😂 imeshabadilishana.