Skuta inazima njiani, fundi anasema ni magneti. Nitoe hela?

Mwana wa Rangi Tatu
Wakuu habari za jioni. Nimekwama, naomba wenye ujuzi mnisaidie kabla sijaumia zaidi.

Nina skuta ya cc 125, injini GY6 ya kabureta. Asubuhi inawaka kiki moja na inatembea vizuri. Nikifika Mtoni kwa Azizi Ally kwenye foleni, inazima ghafla. Hapo hata nipige kiki 50 haiwaki. Nikikaa kivulini nusu saa inawaka kama si yenyewe. Siku nyingine inavumilia mpaka Bendera Tatu.

Plagi nimebadilisha, koili nimebadilisha, CDI (kile kiboksi kinachorusha umeme kwenda koili ya plagi) pia. Betri ilikufa nikaitoa, natumia kiki tu. Fundi anasema koili za magneti, zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka, zikipata joto zinakata, anataka 85,000 pamoja na ufundi. Ni kweli au naliwa?

Mzee wa Jeti
Mkuu, hapo umeme unasingiziwa. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tenki kikiziba, petroli inashuka kidogo kidogo mpaka inagoma. Ikizima, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia inavuta hewa, mwizi umemkamata. Angalia na mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye koki ya mafuta, ukipasuka koki haifunguki. Na valvu: GY6 inataka uwazi wa milimita 0.1 injini ikiwa baridi. Zikibana, injini ikipata moto kompresheni inapotea.

Pambe la Ubuyu
Uza, nunua Boxer, ulale usingizi.

Bisibisi Nyota
Mleta mada, umebadilisha spea tatu bila kupima hata kimoja. Swali langu ni moja: ikizima palepale, kabla haijapoa, plagi ina moto? Ukipima baada ya nusu saa umepima skuta nzima, siyo mbovu.

Tembea na plagi ya akiba na spana yake. Ikizima tu, chomeka plagi ya akiba kwenye kofia, ganda lake liguse chuma cha injini mbali na kabureta, piga kiki. Ukiona cheche ya bluu, mfuate Mzee wa Jeti. Ukikuta giza, rudi hapa tuongee umeme. Uwazi wa plagi usizidi milimita 0.7.

Magneti nayo inapimwa kabla ya kuvuliwa. CDI ya AC, ile inayotumia umeme wa magneti bila betri, ina waya mweusi wenye mstari mwekundu, ndio unaoleta umeme wa koili ya kuchaji. Chomoa soketi, weka mita kwenye volti za AC kati ya waya huo na ule wa kijani, kisha piga kiki: utegemee volti 40 kwenda juu. Waya wa bluu wenye mstari mweupe ni wa pikapu, ile inayoiambia CDI irushe moto saa ngapi, hiyo pima ohmu, 100 hadi 200 hivi. Pima baridi, pima tena ikiwa imezima. Namba zikiwa zilezile, fundi wako anabahatisha kwa hela yako.

Mwana wa Rangi Tatu
Asante mkuu. Leo imezima tena, plagi ya akiba haina moto kabisa. Baada ya dakika 35 moto umerudi. Kwa hiyo ni magneti, siyo? Maana nimeshatoa advansi 30,000 na spea imeagizwa Kariakoo.

Bisibisi Nyota
Haijawa magneti bado. Kuna vitu vinne vinavyoweza kuua moto: koili ya kuchaji, pikapu, CDI, na waya mweusi wenye mstari mweupe. Huo wa mwisho ndio wa kuzimia. Ukigusa bodi tu, yaani chuma cha skuta, CDI inanyamaza, hata magneti iwe mpya kutoka boksini. Ni kitu gani kiliguswa kwenye hii skuta wiki moja kabla haijaanza kuzingua?

Mwana wa Rangi Tatu
Hakuna kilichoguswa mkuu. Ilioshwa tu.

Dada Klachi
Ilioshwa na pampu ya presha? Basi fungua soketi ya CDI, ikaushe, kwangua kutu ya kijani kwenye pini. Ila mkuu maji hayangoji foleni ya kwa Azizi Ally kila siku. Sema vizuri.

Mwana wa Rangi Tatu
Sawa, shemeji alinifungia alamu. Lakini haihusiani, inafanya kazi vizuri kabisa, hata jana usiku paka kaigusa ikalia mtaa mzima ukaamka. Alamu siwezi kuitoa, aliifunga kwa hela yake na huku kwetu wanaiba sana.

Mzee wa Jeti
Ndugu wakifungiana waya, fundi anakula mara mbili. Kazi ya mtu mpe mwenye kazi yake. Mashemeji wabaki kwenye harusi.

Kokoto
Subirini. Posti ya kwanza: "betri ilikufa nikaitoa." Sasa alamu inalia usiku skuta ikiwa imezimwa. Inalia kwa upepo wa Mbagala? GY6 yenye CDI ya AC inawaka bila betri, hilo sawa, magneti inajitosheleza. Alamu haijitoshelezi. Hii ni chai, wakuu. Mnamfundisha mtu asiye na skuta.

Pambe la Ubuyu
Chai ya tangawizi hii. Mleta vitafunwa yuko wapi?

Dada Klachi
Hata mimi nimeshtuka. Weka picha ya chini ya siti.

Mwana wa Rangi Tatu
Jamani siyo chai. Betri ya skuta niliitoa kweli. Shemeji aliweka nyingine ya UPS, volti 12, Ah 7, ilikuwa imekaa ofisini kwao. Sikuitaja kwa sababu haina nguvu ya kupiga stata, nikaona haihesabiki. Picha hiyo hapo. Kile kiboksi cheusi chenye waya tano ni cha alamu.

Bisibisi Nyota
Kiboksi hicho ni rilei, swichi inayovutwa na umeme, na miguu yake mitano ndiyo kesi nzima. Soma namba zilizochapwa kwenye mguu mmoja mmoja: 30, 85, 86, 87, 87a. Ule mweusi wenye mstari mweupe umeunganishwa wapi, na unaokwenda bodi uko wapi?

Mwana wa Rangi Tatu
Mweusi na mweupe uko 30. Wa bodi uko 87a.

Bisibisi Nyota
Basi. 30 na 87a zinagusana rilei ikiwa haina umeme. Maana yake skuta yako imefungwa izimwe muda wote, na inaruhusiwa kuwaka pale tu betri inapoivuta rilei. Betri ikilegea, rilei inaachia, waya wa kuzimia unagusa bodi, moto unakatika.

Kwa nini foleni? Kwa sababu foleni ndipo unaposhika breki. Balbu ya breki ni wati 21, karibu ampea 2, ongeza na indiketa. Betri ya UPS iliyochoka haiwezi, volti zinaporomoka.

Na ile nusu saa: rilei ya volti 12 ikiwa imeshavuta inashikilia hata volti zikiwa chini sana. Ikishaachia, kuvuta upya inataka 7 au 8. Ukiachia breki betri inapanda kidogo tu, haifiki huko, unapiga kiki 50 bure. Ikipumzika inajikusanya, inavuta, skuta inawaka. Joto la magneti halimo kabisa humu.

Usiniamini kwa maneno. Weka mita kwenye betri, washa swichi, shika breki, washa indiketa, usome.

Kokoto
Naomba nirudishe kikombe mezani. Ila ongeza kipimo kimoja: injini ikiwaka, vuta mafuta kidogo, soma volti za betri. Inatakiwa ifike 14 na kitu. Ikibaki 11 au 12, haichajiwi. Pima waya mwekundu pale kwenye rektifaya, ile inayogeuza umeme wa magneti uchaji betri: 14 ikiwepo huko na betri haipati, fyuzi au maungio ya shemeji ndiyo yanayokula. Huko nako hakuna, rektifaya imekufa, na hata betri mpya itakufa nayo.

Mwana wa Rangi Tatu
Nimepima. Swichi peke yake 11.2. Breki na indiketa, imeshuka hadi 3.4 nikasikia "tik" kwenye kile kiboksi. Injini ikiwaka inasoma 11.3, haipandi. Fyuzi nimekuta imezungushiwa karatasi ya sigara.

Dada Klachi
Karatasi ya sigara! Toa hiyo kabla siti haijaungua, weka fyuzi ya namba iliyoandikwa kwenye kasha lake.

Mwana wa Rangi Tatu
Lakini alamu ibaki, wakuu. Na ile advansi ya magneti?

Bisibisi Nyota
Advansi mkamalizane na fundi, mwonyeshe hizo namba. Alamu inaweza kubaki: waya wa bodi uhame kutoka 87a uende 87, kisha alamu iipe rilei umeme pale inapotaka kuzima, siyo pale inapotaka kuruhusu. Waya wa alamu unaoamrisha nao lazima ubadilishwe, usihamishe mguu mmoja ukaacha mwingine. Ubaya wake, mwizi akikata betri skuta inawaka. Chagua.

Mwana wa Rangi Tatu
Shemeji yuko Mkuranga mpaka Jumamosi. Kwa sasa nikiendesha bila kutumia breki ya nyuma itafika?

Dada Klachi
Breki za mkono zote mbili zinawasha taa. Unataka kusimama kwa miguu?

Bisibisi Nyota
Kwenye picha rilei imekaa kwenye soketi. Ichomoe tu. 30 na 87a zitakosa daraja, waya wa kuzimia utabaki huru, na swichi ya funguo itaendelea kuzima injini kama kawaida.

Mwana wa Rangi Tatu
Imetoka. Nimekwenda Bendera Tatu na kurudi, breki nimeshika makusudi kila taa. Haijazima. Rilei iko mfukoni, ila shemeji akipiga simu nitamwambiaje?