Vyuo vya ufundi vinatuletea vijana wa kupigiwa muhuri, mafundi wako wapi??

Wadau leo nimechoka na lazima niseme. Niko na gereji ndogo hapa Nakuru, mafundi wachache tu, na kila msimu wa atachimenti, yale mazoezi ya kazini ya wanafunzi, vyuo vinatutupia vijana na barua mkononi na kitabu cha kujaza, miezi mitatu kisha kwaheri.

Kijana wa mwaka wa mwisho, diploma ya magari, hajawahi kushika skana, ile mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari. HAJAWAHI. Nimempa multimeta, kifaa cha kupima umeme, apime sensa ya krenki, kile kitambuzi cha mzunguko wa injini, akaniuliza hizi waya mbili zinawekwa wapi. Kumuuliza chuoni walikuwa wanafundishiwa nini, ati kuna injini ya kabureta, ile ya zamani isiyo na kompyuta, kwa stendi, haiwaki, wanaichora. Jameni nchi hii gari ya mtumba ikizidi miaka 8 haiingii, zile zinashuka Mombasa saa hii ni kompyuta tupu, hiyo kabureta ataipata wapi?

Na hii kitu itaua mtu. Juzi mteja ameleta Toyota Aqua, haibridi, gari ya injini na betri kubwa ya umeme pamoja, kijana akainama kuvuta waya wa rangi ya machungwa na mkono mtupu akidhani ni waya kama zingine. Huo waya ni wa betri kubwa, volti zaidi ya mia, kuzima gari peke yake haitoshi, unatoa ile plagi ya usalama kwanza, unangoja dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, na glavu za mpira ziko mkononi. Fundi wangu alimvuta na kola. Angekufa pale ningemwambia nini mamake? Chuo hakikunitumia hata karatasi ya bima.

Lekchara alipokuja kumkagua hakuingia ndani, gari yake inanguruma hapo geti, anataka sahihi na muhuri. Nikamwambia kaa hata nusu saa uone kijana wako akifanya kazi, akasema ana wengine Njoro na Molo. Akaenda.

Gharama yote ni yetu sisi wadogo. Sheria inasema mwajiri alipe ushuru wa mafunzo shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, sawa, na kuna kurudishiwa gharama ya kufundisha wafanyakazi kama kozi ilipitishwa mapema, kampuni kubwa iko na watu wa kufuata hizo karatasi. Mimi fundi wangu akikaa na kijana wiki mbili akimwonyesha kusoma makosa kwa skana, gari za wateja zinalala, hiyo hasara naijaza kwa fomu gani?

Na yule aliyelelewa jua kali ana mkono safi kabisa lakini hana cheti. Gredi za mtihani wa ufundi za NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, ziko, Gredi ya 3 mpaka ya 1, lakini kijana wa kibarua pesa ya mtihani atoe wapi.

Watoto siwalaumu hata kidogo, mzazi ameuza ng'ombe alipe karo! Nataka mwanafunzi aje gereji siku mbili kila wiki kuanzia mwaka wa kwanza, na lekchara wa magari naye avae ovaroli likizo moja nzima aguse gari za sasa. Chuo kikikosa pesa ya gari mpya kinunue moja iliyogongwa, waya na sensa bado zinafundishika.

Wenye gereji Kisumu, Kakamega, Eldoret, na nyinyi wa kuchomelea na wa ushonaji, huko kwenu mnaletewa vijana wa aina gani? Na kama kuna mwalimu wa chuo humu ndani, ajibu.