Cheo nilichopewa na mteja kwenye saini ya barua pepe: kina madhara upande wa kodi?

Kutoka: Mwana wa Makorora

Assalam aleykum ndugu zangu wa Tanga, mlio ng'ambo na mliokwisha rudi.

Niko nyumbani Makorora kwa wiki tatu, narudi Leicester mwisho wa mwezi. Mkataba wa miezi sita umenifuata huku huku: kampuni kubwa ya usafirishaji inataka niwapangie upya hifadhidata zao. Kazi naifanya kupitia kampuni yangu ndogo, mkurugenzi ni mimi peke yangu, ankara natoa mwenyewe. Jana wamenitumia vitu vya kuanzia: anwani ya barua pepe yenye jina lao, saini iliyokwisha andikwa "Meneja wa Mifumo", na jina langu limewekwa kwenye chati ya idara chini ya mkuu wao. Mama kaiona ile saini kwenye simu yangu, na kabla ya magharibi mtaa mzima ukajua mimi ni meneja.

Naomba ushauri. Mkataba unasema wazi kwamba mimi si mwajiriwa. Je, hivyo vingine vina madhara?

Kutoka: Mzee wa Raskazone

Waaleykum salaam mwanangu. Madhara yapo, na umefanya vyema kuuliza kabla hujatuma hata barua moja.

Nilijitegemea Uingereza miaka mingi, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa na mteja mmoja tu. Walinipenda. Mwaka wa pili wakanipa baji kama za wafanyakazi wao na kadi zenye nembo yao. Bosi akisafiri, mimi ndiye niliyewapa ruhusa ya likizo vijana wawili wa idara. Yote hayo yalifanywa kwa wema, nami niliyapokea kwa furaha. Wakaguzi wa kodi walipokuja, mkataba waliusoma mara moja wakauweka kando. Waliyorudia kuuliza ni zile kadi na zile likizo. Wakanihesabu mwajiriwa. Nililipa kodi na michango ya hifadhi ya jamii ya miaka ya nyuma, na nyumba hii ninayoandikia ilikaa kwenye lenta miaka mitatu bila bati.

Sisi watu wa Tanga jambo hili tunalo kwenye lugha yetu. Wazee wetu kwenye mashamba ya mkonge walipewa kipande, kadi ya siku thelathini, kila siku iliyofanywa kazi ikatiwa alama. Na kibarua ni nini kama si barua ndogo? Mtu kaitwa kwa jina la karatasi aliyoishika. Seremala wa Ngamiani hana kipande. Anakuja na randa yake, anapatana bei ya mlango mzima, mlango ukipinda anaurudia kwa gharama yake, na kesho yuko kwa mtu mwingine. Muulize biashara ni ya nani, atakutajia jina lake.

Mamlaka ya mapato ya kule, HMRC, ina chombo cha mtandaoni kiitwacho CEST cha kupima kama mtu ni mwajiriwa au amejiajiri, nacho kimekuwa na swali la namna hiyohiyo: ukikutana na wateja wa mteja wako utajitambulisha vipi? Kwamba unafanya kazi kwao, au kwamba una biashara yako? Saini yao inakujibia swali hilo kila unapotuma barua. Waandikie leo. Cheo kiondoke, jina la kampuni yako likae chini ya jina lako, na kwenye chati usionekane kabisa. Kama lazima utumie anwani yao, iandikwe kuwa wewe ni mtoa huduma wa nje. Kisha kesho alasiri njoo na huo mkataba tuusome pamoja.

Kutoka: Dada wa Reading

Shikamoo Mzee. Mimi ni mhasibu, naomba niongeze, maana nawaona wengi wakibadilisha saini kisha wakalala usingizi. Jahazi linalovuja haliponi kwa rangi, linataka kalafati.

Mahakama za Uingereza zinafuata kipimo cha hukumu ya mwaka 1968, kesi ya Ready Mixed Concrete: je, kazi lazima uifanye wewe mwenyewe, je, wao ndio wanaokuamrisha uifanye vipi, na je, mengine yote kwenye makubaliano yanafanana na ajira? Kwa hiyo, mdogo wangu, angalia kama una haki ya kweli ya kumtuma mtu mwingine mwenye ujuzi badala yako. Angalia kama ukimaliza kazi uliyopatana nao wanaweza kukupachika nyingine yoyote, nawe huwezi kukataa. Kazi ikiharibika, nani anaigharamia? Bima iko kwa jina la nani?

Maandishi peke yake hayaokoi. Mwaka 2011, katika kesi ya Autoclenz, mikataba ya waosha magari ilisema kwamba wamejiajiri na wanaweza kutuma mbadala. Mahakama ya Juu ikatazama kazi ilivyokuwa inafanyika kila siku, ikaamua vingine. Mwaka 2018 ikaja ya Pimlico Plumbers. Fundi bomba alilipa kodi kama aliyejiajiri na alisajiliwa VAT, lakini alitakiwa kuvaa sare yenye nembo yao na kuendesha gari lenye nembo yao. Akahesabiwa kuwa na haki za kazi. Hiyo ilihusu haki za kazi, si kodi, na vitu hivyo viwili msivichanganye, ila inaonyesha sare na gari vinavyosomwa.

Kwa wewe mwenye kampuni, kanuni zinazokuhusu ni IR35, kanuni za kodi kwa wanaomfanyia mteja kazi kupitia kampuni zao wenyewe, zilizoanza Aprili 2000. Tangu Aprili 2021, mteja ambaye kampuni yake ni ya ukubwa wa kati au kubwa ndiye anayeamua kama kwa kodi unahesabiwa mwajiriwa au la, na lazima akupe uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu. Usipokubaliana naye unaweka pingamizi, naye ana siku 45 za kujibu. Umeshaipata karatasi hiyo? Kama bado, idai kabla hujaanza.

Pia safisha ukurasa wako wa LinkedIn. Ukiandika "Meneja wa Mifumo" na jina lao pembeni, umejifanya mwajiriwa wao kwa mkono wako mwenyewe. Andika kampuni yako, kisha huduma unayowapa.

Kutoka: Kaka wa Houston

Kwa walioko Marekani: kupewa fomu 1099-NEC, ya malipo ya aliyejiajiri, badala ya W-2, ya mshahara wa mwajiriwa, hakukufanyi uwe umejiajiri. IRS, mamlaka ya mapato ya huku, inatazama nani anaiongoza kazi, nani anashika mambo ya fedha, na uhusiano wenu ukoje. Wadogo zangu, kabla ya kufurahia malipo yasiyokatwa, kumbukeni kuna kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 kabla hata hamjafika kwenye kodi ya mapato.

Kutoka: Mwana wa Makorora

Ahsanteni sana. Nilikwenda Raskazone, tukakaa na Mzee mpaka adhana. Tulikuta kifungu cha mbadala kipo, lakini kinataka idhini yao kwa kila jambo. Nimeomba kibadilishwe. Cheo wamekubali kukiondoa, na kwenye chati wamenitoa. Karatasi ya uamuzi wameahidi wiki hii.

Mama nilimweleza kwa mfano wa seremala. Akasema, "Kumbe wewe ni fundi, kama marehemu baba yako," na amekwenda kuwaambia majirani upya.

Limebaki moja: wanasisitiza nitumie laptopu yao kwa usalama wa data. Hilo litaniangusha?

Kutoka: Dada wa Reading

Peke yake, hapana. Kuna kesi ya Hall na Lorimer, ya miaka ya tisini: mtaalamu wa kuchanganya picha za televisheni ambaye hakuwa na mtambo wowote wake, alitumia mitambo ya studio. Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba amejiajiri, kwa sababu alikuwa na wateja wengi, kila mmoja kwa siku chache, na hatari ya kutolipwa ilikuwa juu yake. Hakimu hutazama picha nzima. Wewe andikisha kwenye mkataba kwamba laptopu ni kwa ajili ya usalama tu, nunua bima yako, na katika miezi hii sita tafuta japo mteja wa pili, hata awe mdogo.

Rasimu ya kifungu cha mbadala nitumie kabla hujapanda ndege.