Naomba ushauri: reale za bibi, nitajuaje zipi ni fedha kweli?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Bibi yetu kule Wete katuachia reale saba (sarafu za kale) ndani ya kasha, zile zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780. Mwaka huo haunisaidii kitu, maana hata zilizopigwa karne ya 20 ziliandikwa 1780 vilevile. Sitafuti ukongwe, nataka kujua kama ni madini ya fedha.

Sumaku haikunasa hata moja, lakini shaba na risasi nazo hazinasi, basi hapo sikupata jibu. Nikenda kwa sonara mmoja Mji Mkongwe, tukazitia mizanini. Reale halali ni gramu 28.07, upana milimita 40 hivi. Tano zimekuja karibu na hapo. Ya sita gramu 24.6, na ukingo wake mtupu, ilhali wenzake wana maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Hiyo nishaikatia tamaa.

Kinachonitatiza ni ya saba. Imechomelewa kishikizo cha mkufu (bibi akiivaa harusini), kwa hiyo uzito hausemi kweli. Sonara anataka aikwangue kidogo atie tindikali. Roho inaniuma.

Kuna aliyewahi kuipima kwa maji? Fedha ya reale (sehemu 833 kwa 1000 ni fedha safi) ni nzito kama mara 10 ya maji ya ujazo uleule, lakini sijui kishikizo kitaivuruga hesabu kiasi gani. Na ule weusi wa mashavuni, niusugue au niuache?